Brashi Kavu

3 Februari

Dada mpendwa,

Natumaini hujambo na wanafunzi wako wa udereva hawajakuua bado. Mimi sijambo, ila ni ile sijambo ya kwenye barua, unaijua.

Nimeamua kuandika kwa mkono na kumpa yule dereva wa basi uliyemfundisha, kwa sababu simu ya nyumbani iko kwa wifi yako mchana kutwa, na akipokea anaiweka sauti ya juu ili nyumba nzima ifaidi. Hili sitaki nyumba nzima ifaidi.

Ni kikohozi. Tangu daktari aniongezee kidonge cha presha juu ya sindano zangu za sukari, nakohoa. Hakuna homa wala mafua, ni mkwaruzo tu kooni, na unakuja pale unapojisikia. Wewe ungekohoa, ukanywa maji, ukaendelea kumgombeza mtu. Mimi nashika brashi. Juzi nilikuwa juu ya ngazi kwenye lile ghala la nafaka nililokusimulia. Mwenye ghala anataka jina lake ukuta mzima, herufi ndefu kuliko mimi, na anataka la mkono, hataki la kuchapwa kwenye plastiki. Kazi kama hii sijaiona tangu wale vijana wa mashine za kuchapa mabango wafungue duka lao, na nikiiharibu sitapata nyingine. Basi nikawa nazungusha herufi O, pumzi nimeibana, mkono unateleza vizuri, nikafika kwenye tumbo la chini, kho! Brashi ikaruka, O yangu ikaota mkia. Mwenye ghala akainua kichwa akaniuliza kwa upole kama jina lake lina Q.

Nimekiacha kile kidonge. Kikohozi kinapungua, lakini kisogo kinaniuma na asubuhi nikiinuka naona nyota. Najua utaniambia nirudi kliniki. Dada, foleni ya kule inaanza watu wakiwa bado wanaota, na mwenye ghala anataka jina liwe juu kabla malori ya mavuno hayajaanza kuingia. Halafu nikienda kulalamika wataniongezea dawa nyingine juu ya hizi.

Wewe presha yako unaimezea nini hata hukohoi? Niambie. Na wifi yako asijue, ataniweka chini ya ulinzi.

Mdogo wako,
Rula


9 Februari

Mdogo wangu kichwa kigumu,

Barua nimeipata. Dereva kanikabidhi kwa mikono miwili. Bado ananiogopa tangu siku zile nilipokuwa namfundisha kurudi kinyumenyume. Hiyo Q yako imenivunja mbavu nikiwa kazini, na mwanafunzi wangu, mchungaji mmoja hivi, akasimamisha gari katikati ya barabara akidhani namcheka yeye. Huyu mchungaji kila akifika kwenye makutano anafumba macho. Anasema anaomba. Nimemwambia aombe gari likiwa limezimwa.

Sasa nisikilize vizuri. Kuacha dawa ya presha kwa kujiamulia ni upumbavu, na sikukulea uwe mpumbavu. Baba naye alikuwa analalamika kisogo tu, umesahau? Kisogo, kisogo, mpaka akakutwa sakafuni bafuni. Ile simu niliyopigiwa siku ile sitaki kupigiwa tena maishani mwangu, na hasa sitaki kupigiwa kwa ajili yako.

Nimekutumia vidonge vyangu mimi. Ni hivi vidogo vyeupe, vimo ndani ya soksi. Vinashusha presha na vinapunguza mbio za moyo, unajisikia umetulia mwili mzima. Nimevitumia miaka na sijakohoa hata siku moja. Meza kimoja asubuhi kama mimi. Sisi ni baba mmoja mama mmoja, presha yetu ni ile ile, kilichonifaa mimi kitakufaa na wewe. Usiogope kwamba unanipunguzia, ninavyo tele.

Sindano za sukari usiziguse, endelea nazo kama ulivyoambiwa. Kazi ikiisha unarudi kliniki, hilo sikuombi, nakuamuru.

Wifi simwambii. Ila ujue sipendi.

Dada yako,
Breki


22 Februari

Dada Breki,

Wewe ni daktari aliyepotea njia akaishia kwenye magari.

Kikohozi kwisha. Kisogo kimya. Lakini hayo ni madogo, kubwa ni mkono! Unajua ilivyokuwa: ikikaribia saa sita, kabla sijala, moyo unaanza kudunda kama mgeni mwenye haraka mlangoni, na mkono nao unatetemeka. Ilikuwa lazima nishuke ngazi, nile ndizi au kipande cha mkate, nikae kwenye magunia mpaka mwili utulie. Brashi inakauka, jua linasogea, na wapakuzi wa ghala wananiita bwana mapumziko. Sasa hakuna tena. Napanda asubuhi na kushuka ni pale nitakapo mwenyewe. Juzi nimesahau kabisa chakula cha mchana, na moyo haukusema kitu. Nafikiri hata sukari yenyewe imekaa sawa. Mwili ukitulia unatulia wote.

Na mistari, dada! Laiti ungeiona. Mwenye ghala sasa anakuja na wageni wake, anawasimamisha upande wa pili wa barabara, ananyoosha kidole. Nusu ya jina imeshasimama na haina mkia hata mmoja.

Vidonge nimevitia kwenye kikopo cha rangi ndani ya sanduku langu la kazi. Nimekiandika MISUMARI, herufi zenye kivuli, nzuri mpaka nasikitika kuzificha. Wifi yako hana shida na misumari.

Yeye halalamikii kikohozi tena, sasa amepata jipya. Anasema mchana nimekuwa mkali. Eti nilimfokea kwa kuniletea chai ya moto, na mwenyewe ndiye niliyeiomba. Mimi sikumbuki kufoka. Anasema pia narudi na shati la kukamua. Ukuta wenyewe unatazamana na jua, nani asingelowa?

Nitumie vingine, hivi vinaelekea ukingoni.

Rula wako, aliyenyooka


28 Februari

Mdogo wangu,

Vingine hivyo hapo, soksi ya pili. Sasa una jozi.

Nimefurahi, usinione nanuna. Siku ile niliposoma barua yako nililala usingizi mzito kuliko siku zote tangu mwaka uanze. Ila hilo la jasho halijanikaa vizuri. Unavaa kofia? Na chakula cha mchana ule kwa saa yake, moyo useme usiseme. Mtu wa sindano hasahau kula. Hata mimi nisiye na sukari najua hilo.

Hapa kwangu ni salama. Moyo unanirukaruka kidogo wiki hizi, lakini sababu naifahamu: mchungaji ameanza masomo ya mlimani. Jana ulinidunda vibaya mpaka nikashuka nikainama kando ya barabara. Aliponiuliza nikamwambia nakagua tairi. Akashuka naye akakagua tairi, tukawa tumeinama wawili pale kama tumeangusha pete. Kwa hiyo usinifikirie, fikiria ukuta wako.

Breki


10 Machi

Wifi,

Mdogo wako yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, barua huwa unaanzia katikati.

Jana nilimpelekea chakula ghalani, maana amekuwa akikirudisha jioni hakijaguswa. Nikakuta watu wamekusanyika chini ya ngazi, wanatazama juu, wengine wanacheka kidogo kidogo. Yeye yuko juu anafanya kazi. Mkono unapanda, unazunguka, unashuka, anachovya, anaendelea. Nikatazama ukuta. Hakuna kitu. Kopo la rangi lilikuwa huku chini, limefungwa. Alikuwa anaandika kwa brashi kavu, wifi, na anachovya kwenye hewa.

Wapakuzi waliniambia yuko hivyo muda mrefu, wao walidhani anapima. Siwalaumu. Miaka yote ya ndoa yetu namwona huyu mtu akiandika na sijawahi kuona mkono umetulia namna ile. Wao waliona ustadi. Mimi nililiona shati, limegandana na mgongo, jasho linamdondoka kwenye visigino mpaka kwenye ngazi. Nikamwita. Akageuka, akanitazama kama anayejiuliza huyu mama anauza nini.

Wapakuzi wawili wakapanda wakamshusha kwa mkanda wa suruali. Aliwapiga. Huyu asiyeua hata mende, alimpiga mtu ngumi ya shavu. Tulimkalisha kwenye magunia, na kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza nikamnywesha soda kidogo kidogo huku ananitukana. Matusi mengine sikujua kama anayajua. Mwisho wa chupa akanyamaza, akaniangalia usoni, akauliza kwa nini nalia.

Zahanati walimpima wakakuta sukari bado iko chini, hata baada ya soda. Wakatukimbiza hospitali. Daktari akawa anashangaa, mtu aliyeshuka kiasi kile moyo wake ungekuwa unadunda mbio, lakini wa kwake ulikuwa unakwenda taratibu kama wa mtu aliyelala. Akauliza anatumia dawa gani. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: sindano zake na kidonge kile kinachomkohoza. Mumeo hana siri kwako, si ndivyo tunavyojidanganya? Yeye akageukia ukutani.

Nilirudi ghalani kuchukua sanduku lake. Mkanda wa sanduku ulikuwa umeng'oka, nikatafuta msumari wa kuupigilia. Nikafungua kikopo kilichoandikwa MISUMARI. Nikavibeba vile vidonge mpaka hospitali, nikavimwaga kitandani mbele yake, nikamwuliza hii ni misumari ya inchi ngapi. Akasema neno moja tu: dada.

Nina maneno mengi ya kukwambia, lakini leo sina nguvu ya kuyaandika. Yuko wodini, anakula, anaomba radhi kwa kila anayepita, mpaka mfagizi.

Wifi yako


11 Machi

Wifi yangu,

Vitupe. Vyote, leo hii, asiguse hata kimoja. Mimi ndiye niliyetuma, simsingizii mtu. Nilitaka asije akaanguka kama Baba, na mimi mwenyewe nikampandisha ngazi nikamfunga macho.

Nigombeze utakavyo, nitapokea yote. Basi linaunguruma hapa nje, siwezi kuandika zaidi. Niandikie tu kama usiku ameamka vizuri.

Breki


14 Machi

Wifi,

Ameamka vizuri. Amelala vizuri, ameamka vizuri, amekula mkate wake na wa mgonjwa wa jirani. Vuta pumzi kwanza, halafu soma taratibu.

Sikuvitupa. Nilimpelekea daktari barua yako, naye akasema nishukuru sikukusikiliza. Moyo uliozoea dawa hiyo haunyimwi kwa siku moja, unaweza kushtuka ukaanza mbio kubwa kuliko mwanzo na kupandisha presha. Wewe mwenyewe usingemwambia mwanafunzi aachie breki ghafla kwenye mteremko. Wanampunguzia kidogo kidogo, huku wanamwanzishia nyingine, na kila kidonge anapewa na nesi mkononi.

Daktari alinieleza kwa utulivu, na kwa kuwa hata wewe hukujua, nakueleza. Sukari ikishuka, mwili unapiga king'ora: moyo unadunda, mikono inatetemeka, na hapo mtu anajua ale. Vidonge vyako vinafanya kazi yao nzuri ya kutuliza moyo, lakini vinakituliza na king'ora pia. Sukari inashuka vile vile, ila hakuna anayemwambia mwenyewe. Kilichobaki kusema kilikuwa jasho, na jasho tulilisingizia jua. Nikamwuliza kama ni sumu. Akasema hapana, wapo wenye kisukari anaowaandikia yeye mwenyewe wakiwa na sababu ya moyo, ila anajua anachowapa, anawafundisha dalili nyingine na kuwataka wapime sukari mara kwa mara. "Lakini mama, mtu wa sindano, juu ya ngazi, na sisi hatujui," akaniambia.

Walimbandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu ya mawimbi. Daktari akaipitia kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Mimi macho yangu hayakuwa kwenye karatasi, yalikuwa usoni pake. Akasema mpangilio wa mapigo uko sawa, moyo haujaharibika popote. Nikakaa kitandani juu ya miguu ya mgonjwa. Sijawahi kupata raha kama ile, wifi. Nililia nikiwa nacheka, na nesi akauliza kama nami niwekewe waya.

Dawa mpya ni ya ukoo wa ile ya kwanza, inalinda figo za mwenye kisukari vile vile, lakini hii kwa kawaida haileti kikohozi. Daktari akauliza kwa nini hatukurudi kusema, maana wanaokohoa ni wengi na kubadilisha ni jambo la siku moja. Mdogo wako akawa anahesabu mbao za dari.

Kwa hiyo hasira yangu sasa imebaki robo. Lakini kuna jambo. Tulipokuwa tunaondoka chumbani kwake daktari aliniuliza, na huyo dada aliyekuwa anatuma, yeye alibaki na nini? Nikafungua mdomo nijibu kwamba ana tele. Halafu nikakumbuka kwamba wewe hujawahi kuwa na tele ya kitu chochote tangu nikufahamu, unasema tu unayo. Nakuuliza: ulikuwa unameza nini? Ukinidanganya napanda basi linalofuata.

Wifi yako


21 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Usije. Au njoo, ila usije kunipiga, nimeshapigwa vya kutosha.

Sikuwa na tele. Nilikuwa nagawa. Siku moja nameza, siku inayofuata nakiweka kwenye soksi kwa ajili yake. Nilijiambia mimi sina sukari, mimi ni mkubwa, mimi nitavumilia. Kule kurukaruka kwa moyo nikamsingizia mchungaji, na yeye masikini akaongeza sala.

Barua yako ilinikuta kwenye gari, tuko njiani na somo. Nilipofika pale pa kuachia breki mteremkoni nikaelewa, na kabla sijakunja karatasi moyo ukatoka mbio. Safari hii haukutulia. Unakimbia, unajikwaa, unasita, unakimbia tena. Nikamwambia mchungaji, nipeleke hospitali. Akasema, mimi? Nikamwuliza kama anaona dereva mwingine humu ndani.

Wifi, aliendesha macho wazi. Makutano yote! Alipiga honi, alipita lori la mchanga, aliliegesha gari katikati ya mistari kama picha ya kwenye kitabu. Mimi nilikuwa nimejishikilia kifua na bado nikawa namsahihisha gia. Tulipofika mapokezi yeye ndiye aliyezimia. Wakambeba yeye kwanza, mimi nikawa nawafuata nyuma nikisema mgonjwa ni mimi jamani.

Daktari wa zamu ni binti mmoja niliyemfundisha udereva, na nilimfelisha mara mbili. Amefurahi sana kupata nafasi yake ya kunigombeza. Nami nilibandikwa waya. Presha ilikuwa juu mno na moyo umepoteza mpangilio, lakini kwa dawa zao ulirudi kwenye mstari kabla ya jioni. Walinilaza, wakanirejeshea dozi yangu kamili ya kila siku, na jana wamerudia kipimo. Uko sawa. Binti ameniapisha kwamba kidonge chochote nikikosacho nimwambie yeye, na chochote nilicho nacho nisimpe mtu, hata angekuwa pacha wangu.

Nimelala hapa wodini nikifikiri. Nilimwona Baba kila nilipofumba macho, ndiyo maana nilifunga zile soksi kwa haraka namna ile. Nampenda yule mjinga kuliko ninavyojua kusema, na kwa mapenzi hayo hayo nusura nikuondolee mume. Nisamehe, wifi. Na ahsante kwa kuliona shati.

Breki


9 Aprili

Dada,

Wifi yako amenionyesha barua yako. Nilisoma nikacheka kwa mchungaji, nikafika pale pa kugawa nikaacha kucheka. Ulikuwa unajinyima kidonge ili mimi nichore vizuri. Sijui nikufanye nini. Nilitaka kukugombeza nikashindwa kujua nitaanzia wapi, maana kila neno kali nililolipata lilinihusu na mimi.

Naendelea vizuri. Vyeupe vyako vimeshanitoka kabisa kwa utaratibu wa daktari, namaliza wiki nyingine na dawa mpya na koo limekaa kimya. Presha imeshuka. Daktari amepunguza kidogo sindano ya asubuhi, na amenipa mashine ndogo ya kupimia sukari. Sipandi ngazi kabla sijapima na kabla sijala, na wifi yako ameweka kiti chake hapo chini. Anafuma, lakini macho hayako kwenye uzi. Mwenye ghala alipokuja kuniuliza nitamaliza lini, wifi yako alimjibu kabla yangu. Yule bwana akavua kofia. Malori ya mavuno yameanza kuingia na jina lake halijaisha, na ajabu ni kwamba dunia haijaanguka. Yule mpakuzi niliyempiga ngumi nimemwandikia jina la mtoto wake kwenye mlango wa nyumba yake, na sasa wenzake wote wanataka niwapige.

Kitu kimoja sikumwambia wifi yako, nakwambia wewe. Nimekuwa na hofu. Daktari alisema king'ora kitarudi dawa yako ikishatoka mwilini, lakini siku zimepita na moyo kimya. Kila saa sita nausikiliza. Napima, sukari iko sawa, kwa hiyo hakuna cha kupigia kelele, hilo naelewa kichwani. Lakini bado najiuliza: na kama umesahau kazi yake? Kama siku moja nitakuwa tena kule juu na brashi kavu, nimeridhika kabisa, na yeye hapo chini amekwenda kuteka maji? Ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye magunia wakati ningekuwa ukutani. Asubuhi nilibeba ngazi zote kutoka stoo mwenyewe, kazi zaidi ya siku zote, na sasa nimebakiza herufi moja tu ambayo nikiimaliza

Subiri.

Nimerudi. Usiogope, dada, usiogope hata kidogo. Umepiga!

Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo. Umeanza kwa mbali, nikadhani ni wapakuzi wanashusha magunia, kumbe ni wangu. Umedunda mpaka masikioni. Na mkono, hebu tazama mstari wa mwisho pale juu ulivyokwenda kombo, mimi niliyeitwa Rula tangu darasa la kwanza! Nimepima, ilikuwa imeanza kushuka. Nimekunywa chai ya sukari na kula ndizi, na wakati natafuna nikashikwa na kicheko. Wifi yako akaja mbio, akanikuta nacheka peke yangu na mdomo umejaa, akajua yameanza tena. Akanihoji: leo siku gani? Mimi nani? Nikamwambia wewe ni mke wangu, na shika hapa.

Akaweka kiganja kifuani pangu. Nikaona uso wake unabadilika. Alikaa kwenye gunia ubavuni mwangu na mkono wake pale pale mpaka ukaanza kupungua, na machozi yake yalinilowesha bega. Nilipima tena, imepanda. Sasa amesema nimalize barua basi lisiniache, nikuandikie kwamba anakusalimu, kwamba ile robo ya hasira imekwisha, na kwamba uje ukae nasi, ukiletwa na dereva yeyote isipokuwa mchungaji.

Mwenye ghala amesimama upande wa pili wa barabara, anaangalia ukuta, anaangalia saa, ananiangalia mimi. Nimempungia mkono, na mkono bado unacheza. Ataningoja tu. Sipandi mpaka utulie wenyewe.

Mdogo wako,
Rula